Tende za Agosti na Kengele ya Skuli

(Hotuba iliyotolewa na Bibi wa nyumba ya Rashidiya katika mkutano wa ukoo, Dubai, wakati wa likizo ya Desemba)



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, sisi tuliotawanyika kutoka Wete hadi Toronto, na kuwarehemu wale ambao mwaka huu viti vyao vi wazi. Pili naishukuru Kamati kwa kunipa robo saa hii. Waliponijia walidhani nitasimulia habari za safari yetu ya kuja huku. Hizo mmezisikia mara nyingi, na wapo humu wanaozisimulia vizuri zaidi kuliko sisi tuliosafiri. Mimi nimeomba nizungumzie jambo la nyumbani kwangu, la tende na skuli, kwa kuwa ni la kwenu pia. Mwishoni nina ombi, na nawatahadharisha mapema kwamba ombi lenyewe si jepesi.

Nyumba ya Rashidiya wengi wenu mmelala ndani yake. Marehemu mume wangu, ambaye nusu ya ukumbi huu ulikuwa ukimwita Ami, alipanda mitende minane katika uwanja wake mwaka 1983, kwa vichipukizi alivyopewa na jamaa zetu wa Oman. Majirani walimcheka. Walisema mtu wa Pemba anajua minazi na mikarafuu, mtende ataujulia wapi? Akawajibu kwamba mtende ni mnazi uliokosa bahari. Minane ile sasa ni saba. Mtende wa Barhi, ambao matunda yake ya manjano watoto waliyapenda kabla hayajalainika, tuliupoteza mwaka 2016 kwa yule fukusi mwekundu, mdudu aliyeingia nchi hii katikati ya miaka ya 1980 na kuwatia hasara wakulima wa ghuba yote. Ukiweka sikio kwenye shina unamsikia akitafuna, na ukishamsikia mara nyingi umekwisha kuchelewa. Tuliukata, tukauondoa uwanjani, na Ami hakula chakula cha mchana siku ile.

Iliyobaki ni dume mmoja, ambaye hazai lakini bila ya unga wa maua yake hao wengine hawazai, na majike sita: Naghal mmoja, Khunaizi mmoja, Khalas wawili na Fardh wawili. Nawatajia majina si kwa kujigamba, bali kwa sababu shida yetu yote imo ndani ya majina hayo. Naghal huiva mwanzo, mwezi wa Juni, wakati watoto wangali katika mitihani ya mwisho wa mwaka, na tende zake huliwa mbichi zikamalizika. Khunaizi hufuata Julai. Hao hawana ugomvi na mtu. Khalas, ambaye ndiye mfalme wa uwanja wetu, kwetu hulainika mwezi wa Agosti, na Fardh humfuata nyuma hadi Septemba. Na skuli za hapa, ukiacha zile za mtaala wa Kihindi ambazo mwaka wao huanza Aprili, hufunguliwa katika wiki ya mwisho ya Agosti. Mwaka 2023 zilifunguliwa tarehe 28, mwaka 2024 tarehe 26, na mwaka 2025 tarehe 25. Kila mwaka Jumatatu, na kila mwaka Khalas yuko juu ya mti akidondoka.

Ninyi mnaoishi kwenye baridi huenda mkauliza: kwa nini tende zisingoje mpaka Jumamosi? Tende iliyolainika katika mwezi wa Agosti haingoji. Dubai iko ufukweni, na Agosti joto hupita digrii 40 huku hewa imejaa maji kama bafu. Tende ikiachwa mtini siku tatu zaidi katika fukuto lile huanza kuchacha. Nyigu wanaijua kabla yako, na ndege wanaijua kabla ya nyigu, hata ukiwa umevisha makole nyavu. Na kazi yenyewe haifanyiki wakati wowote. Mchana hakuna anayeweza kuwa juu ya mti; sheria yenyewe inakataza wafanyakazi kufanya kazi juani tangu saa sita na nusu hadi saa tisa, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Kwa hiyo zinabaki saa mbili: baada ya Alasiri, nalo jua bado kali, au baada ya Alfajiri. Mwisho wa Agosti adhana ya Alfajiri hapa ni kiasi cha saa kumi na nusu. Basi la skuli hufika mlangoni kwetu saa kumi na mbili na dakika kumi. Hesabu hiyo kila mmoja wenu anaweza kuifanya.

Sasa naomba mnivumilie nirudi Pemba kidogo, maana bila ya Pemba hamtaelewa kwa nini nilikosea.

Nilikuwa darasa la tano, mwishoni mwa miaka ya 1960. Karafuu zilizaa mwaka ule mpaka matawi yakavunjika. Skuli yetu ikafungwa, tukapelekwa mashambani kuchuma. Sisi watoto tulifurahi, nisiwadanganye. Tuliimba njia nzima. Tulichuma kutwa, usiku tukakaa jamvini kuchambua, vikonyo huku, karafuu huku, tukapima kwa pishi, vidole vikawa vyeusi na kichwa kinauma kwa ile harufu. Asubuhi tunaanika, jioni tunaanua, na wingu likionekana upande wa bahari kila mtu anakimbia. Tuliambiwa kwamba kuchuma karafuu ni elimu vilevile, tena elimu bora kuliko ya ubaoni. Tuliporudi darasani baada ya wiki nyingi, mwalimu alikwisha kupewa amri ya kuendelea na silabasi pale ilipotakiwa iwe. Sura ya sehemu, yaani nusu na robo na thumuni, ilirukwa. Mimi nikawa mtu mzima, nikawa mwalimu mwenyewe, nikazisoma sehemu peke yangu usiku kabla sijazifundisha kwa wengine. Hata leo nikiona thumuni saba imeandikwa ubaoni nanusa karafuu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema, kwa maneno matamu, kwamba kila kazi ya shamba ni somo. Mtoto anayepima kilo za tende anajifunza kupima tende. Ni jambo jema, na nitakuja kulisema, lakini halijazi pengo la sura iliyorukwa. Mimi nililijua hilo kwa mwili wangu, na hata hivyo, ndugu zangu, nikalisahau katika uwanja wangu mwenyewe.

Mjukuu wangu wa kiume, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nimtaje bila ya jina, alikuwa na miaka kumi na mbili mwaka 2023. Ami alikwisha kufariki. Aliyekuwa akitupandia mitende, mkwezi wa kukodi, alikuwa amekwenda kwao kwa harusi. Kijana alikuwa amefundishwa na babu yake kuvaa habuli, ile kamba pana ya kupandia inayozunguka kiuno na shina, na alikuwa mwepesi kama paka. Jumapili ya tarehe 27, siku moja kabla ya skuli kufunguliwa, mimi ndiye niliyemwamsha. Nilimwambia: makole mawili tu, mjukuu wangu, ya upande wa ukutani. Alipanda vizuri na akashuka vizuri. Lakini alipokuwa akisukuma kuti apate nafasi ya mundu, mwiba uliingia kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia, na ncha ikavunjikia ndani.

Wanaojua mitende wanaijua miiba hiyo. Iko kwenye mguu wa kuti, mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Haitoi damu nyingi, ndiyo maana mtu huidharau. Mtoto aliufuta mkono, akanyamaza asije akanitia wasiwasi, akaenda skuli Jumatatu. Jumatano kidole kilikuwa kama ndizi. Walimfungua hospitali, wakatoa kipande cha mwiba kisichofika urefu wa punje ya mchele, na ikawa wiki tatu hashiki kalamu. Alikuwa ameanza darasa jipya, skuli mpya, kwa lugha ambayo hata kwa mkono mzima ingemshinda kidogo. Alikaa nyuma na mkono ndani ya bendeji, na wenzake wakajua jina lake kwa sababu hiyo tu.

Mkwe wangu, mama yake, hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi kama angepiga kelele. Alisubiri wageni waondoke, akaja jikoni nilipokuwa nikizipanga Khalas kwenye masinia, akasema: “Mama, mimi sikatai tende. Nakataa mtoto kupanda mtende saa kumi na moja na kupanda basi saa kumi na mbili.” Mimi nikajibu kwa kiburi, nikasema kwamba baba yake mtoto alikua vivyo hivyo. Akasema: “Ndiyo, Mama, na hesabu alishindwa.” Hilo ni kweli, na mwanangu anacheka pale nyuma, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Hatukusemezana vizuri kwa muda wa mwezi.

Leo nasimama mbele ya ukoo mzima kumwambia kwamba alikuwa na haki. Nilikwisha kumwambia jikoni. Lakini jambo hilo lilitangaa katika simu zenu hadi Maskati na London, kila mmoja akachukua upande, na wengi walichukua upande wangu kwa heshima ya mvi zangu. Kwa hiyo na haya nayo yatangae.

Tangu mwaka ule tumebadilisha mambo, na sitasema tumefaulu yote. Badiliko kubwa halikuwa la Agosti kabisa, lilikuwa la Aprili. Mtende huzaa makole kumi, hata kumi na mbili, na Ami alikuwa haachi hata moja lianguke. Kwake kukata kole changa ilikuwa kama kumnyima mtoto chakula. Sasa tunapunguza. Kila Khalas tunamwachia makole saba, na ndani ya kole tunatoa vijiti vya katikati ili hewa ipite. Kilo zimepungua, tende zimekuwa kubwa zaidi na hazichachi upesi, na mti hauchoki ukagoma mwaka unaofuata. Nilidhani nitajuta. Sijajuta.

La pili, hatungoji tena Khalas aive mti mzima. Wiki ya pili ya Agosti, watoto wakiwa bado nyumbani, tunakata zilizokwisha kulainika nusu, zile ambazo ncha imekuwa kahawia na upande wa kikonyo bado manjano. Nyingine huliwa, nyingine huingia kwenye friza zikiwa mbichi, na Ramadhani zikitolewa utadhani zimekatwa asubuhi. Tarehe 18 Agosti kamba inatundikwa ukutani na ufunguo wa stoo anakaa nao mkwe wangu. Tende yoyote inayobaki juu ya Khalas baada ya siku hiyo ni ya mkwezi, nusu yake na nusu yetu, na kama hakuja ni ya ndege. Mara ya kwanza niliposikia makole yakidondoka usiku niliamka mara mbili. Mwaka huu niliamka mara moja.

Wiki ile moja kabla ya skuli tumeirudishia watoto. Wanalala baada ya Isha, si saa saba za usiku kama wanavyozoea likizo. Nguo za skuli na viatu hununuliwa mwanzo wa Agosti, kabla maduka hayajajaa watu wanaogombea saizi moja ya shati. Na madaftari hayavalishwi majalada juu ya meza ya tende. Hilo naliweka kuwa sheria, kwa sababu mwaka 2022 mjukuu wangu wa kike alipeleka skuli daftari la jiometri lenye alama ya kiganja kizima cha asali ya tende, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: hii ni nini? Na mtoto, Mungu amhifadhi, akajibu chini yake: Khalas.

Fardh tumemwacha kama alivyo. Yeye ni mvumilivu; ngozi yake ni ngumu na huvumilia kukaukia mtini mpaka Septemba. Kwa kuwa tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki hapa ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku, tunamkata Jumamosi mbili za Septemba, asubuhi, baada ya watoto kulala usingizi wao wote. Wajukuu hawapandi. Wanapokea chini, wanachambua, wanaosha, wanaanika kwenye jamvi lile lile ambalo mama yangu aliniletea kutoka Wete. Kijana wetu wa mwiba ndiye anayeandika daftari la mizani. Mwaka huu aliandika kilo 214 kwa mitende yote, ambapo zamani tulikuwa tukifika 300 na kitu.

Na hapo ndipo linapokuja ombi langu.

Desturi ya ukoo huu ni kikanda cha Ramadhani. Alikianzisha Ami, na maana yake aliipenda sana. Zamani, alisema, majahazi yalitoka ghuba hii na pepo za kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko, na boriti hizo bado mnaziona kwenye dari za nyumba za zamani kule Shindagha na Al Fahidi. Tende na karafuu zilisafiri pamoja hata mbali zaidi. Merikebu Sultana ya Seyyid Said ilipofika New York mwaka 1840 ilikuwa na vyote viwili tumboni. Ami alisema sisi ni watu wa biashara ile, ila tumegeuza tu: sasa sisi tuko kwenye tende, na walio kwenye karafuu ni wale tuliowaacha. Kwa hiyo kila Ramadhani nyumba yetu ilipeleka kikanda kwa bibi mmoja Wete. Kisha vikawa vitatu. Kisha mtu akaomba cha Mombasa. Mwaka 2023, mwaka wa mwiba, orodha yangu ilikuwa na vikanda 31, na asubuhi ile nilipomwamsha mtoto, ndugu zangu, sikuwa na njaa ya tende. Nilikuwa na orodha. Nyinyi hamkujua, kwa sababu sikuwaambia. Mlituma ujumbe wa simu, kwa mapenzi kabisa, mkiuliza kikanda chetu kiko wapi mwaka huu, na mimi nikaona aibu kusema hakipo.

Naomba basi tukubaliane leo, na Katibu aandike. Vikanda viwe 12. Vya kwanza ni vya wazee wetu wa Pemba na Unguja, ambao wapo tisa, na kwao kikanda si mapambo ya meza. Vitatu vilivyobaki Kamati itaamua yenyewe kila mwaka, kwa mgonjwa au kwa nyumba yenye msiba. Sisi tulioko Ghuba, ambako tende zinauzwa kila kona, tusidai. Anayetaka Fardh wa Ami aje Jumamosi ya Septemba na mikono yake.

Kwenu mlioko Uingereza na Canada nina la ziada. Skuli zenu hufunguliwa Septemba. Watoto wenu wana wiki moja au zaidi ambayo wajukuu wangu hawanayo. Sisemi mlete watoto Dubai katika Agosti, wataiva kabla ya tende. Nasema njooni Februari au Machi, kwa wakati ambao kila mmoja atapata ruhusa, kazi ya kuchavusha inapofanyika. Asubuhi kuna ubaridi, hakuna anayekimbilia basi kwa kuwa tunaifanya Jumamosi, na kazi yenyewe ni ya mikono myepesi: unakata shada la dume, unachukua vijiti vichache vyenye unga, unaviingiza ndani ya shada la jike lililopasuka na kufunga kwa uzi. Ami aliwafundisha wajukuu wawili tu. Mmoja ana mashaka na kimo sasa, na mwingine anamaliza skuli baada ya miaka mitatu na anataka kwenda kusoma Malaysia. Mimi miguu yangu haipandi ngazi. Mkwezi anajua, lakini mkwezi akiondoka anaondoka na ujuzi wake, kama alivyoondoka yule wa mwaka 2023, na hakurudi.

Nimezungumza na mkwe wangu kuhusu ngazi. Amekubali, kwa masharti matatu: iwe ya chuma, mtu mzima ashike chini, na kila mtoto avae glavu nene zinazofika kwenye kiwiko. Glavu zimekwisha kununuliwa. Ziko stoo, na ufunguo anao yeye.

Vikanda vya mwaka huu viko kwenye meza karibu na mlango. Ni tisa, vimeandikwa majina ya wazee, na ninawaomba mnaosafiri kwenda Unguja wiki hii mmwone Katibu kabla ya kuondoka ili awagawie mzigo. Kuna sinia moja ya Khalas ya friza kwa ajili ya chai ya leo. Mle sasa, maana ikishayeyuka hairudi.